Walimu wenzangu wa historia: kanga, ngoma na lakabu ni ushahidi, tusizifanye kichangamsho cha kipindi

#1 Chaki Mkononi (mleta mada)

Habari zenu wadau.

Nafundisha historia sekondari, mwaka wa kumi na nne sasa, na kuna jambo linaniuma kila ninapokaa nyuma ya darasa la mwenzangu kumwangalia akifundisha. Mwalimu anaingia, anawaimbisha watoto wimbo wa asili dakika tano ili wachangamke, wanapiga makofi, wanacheka, kisha anasema, "Haya, fungueni madaftari tuanze somo." Wimbo ukiisha ndipo somo linaanza! Mimi naamini wimbo ule ndio uliokuwa somo, na tumeupita.

Niwaeleze kilichonibadilisha. Nilikuwa na kidato cha kwanza, mada ya vyanzo vya historia. Nikawaambia kila mmoja aombe nyumbani kanga moja, aje nayo, na amuulize mwenye kanga maswali matatu tu: uliipata kwa nani, wakati gani, na kwa nini ulilipenda jina lake. Siku ya kipindi madawati yalijaa rangi mpaka mwalimu wa zamu akachungulia dirishani. Tukaanza kuitazama kanga kama kitu: hili pindo, huu mji, hili jina. Nguo wanayobebewa mgongoni tangu wachanga, hakuna aliyewahi kuwauliza imepangwaje.

Kisha binti mmoja akanyoosha mkono. Yeye alikuwa amepewa kaniki ya bibi yake, imekunjwa miaka mingi hata mikunjo imepauka. Akasimama nayo, akasema, "Mwalimu, hii yangu haina mji, haina jina. Sasa mimi nisome nini?"

Nikaliweka pembeni andalio la somo. Nikaandika ubaoni maneno manne: merikani, kaniki, leso, kanga.

Merikani ni shuka ya pamba isiyotiwa rangi iliyotoka viwanda vya New England na kupakiwa bandari ya Salem, Marekani. Wamarekani walifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said, sultani wa Oman na Unguja, mwaka 1833, wakafungua ubalozi mdogo Unguja mwaka 1837. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, viliikata biashara ile, na nguo za Uingereza na Bombay zikaingia sokoni. Ila jina halikuondoka. Mtoto anayesema "merikani" leo anataja biashara ya karne ya 19 bila kujua.

Kaniki ni nguo ya namna hiyo ikitiwa nili mpaka ikaiva nyeusi. Unguja ilikuwa vazi la watumwa na la mafukara. Leso ni neno la Kireno, kitambaa cha mkononi. Vitambaa hivyo viliuzwa vikiwa vimeungana kwenye jora, wanawake wakawa wanakata sita na kuvishona vitatu kwa vitatu wapate nguo moja pana. Hapo ndipo ilipotokea kanga, mwishoni mwa karne ile. Maandishi yalikuja baadaye, kwanza kwa hati za Kiarabu kisha za Kirumi.

Sasa weka juu ya hayo amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. (Masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909, na hili wanafunzi wangu huwa linawaghadhabisha, na ni haki yao.) Kitabuni habari hiyo ni mstari mmoja. Lakini wanawake waliokuwa jana katika kaniki waliikimbilia kanga. Walitaka rangi, walitaka maua, walitaka nguo ambayo akipita nayo mtu hawezi kusema huyu alikuwa wa nani. Darasa lilinyamaza. Walikuwa wameishika ile nguo mikononi.

Tangu siku ile siingizi wimbo, hadithi wala nguo darasani kama pambo. Naiweka kizimbani kama shahidi. Nani kaisema? Kwa ajili ya nani? Lini? Nani kaachwa nje? Na swali ambalo walimu wengi tunalisahau: hiki kinashuhudia wakati gani? Wimbo unaotaja vita vya zamani ukiimbwa leo unashuhudia kwanza leo, kisha ndiyo zamani.

Naomba michango, hasa kwa waliojaribu ikawashinda.

#2 Vipindi Vitatu

Mkuu, nakuheshimu, ila tuongee ukweli. Mimi nina wanafunzi themanini na tano darasa moja, azimio la kazi linanidai, na mtihani hauulizi kaniki ya bibi ya mtu. Mzazi anataka alama. Nikitumia wiki nzima kwenye kanga, ukoloni nitaufundisha lini?

#3 Chaki Mkononi (mleta mada)

Hoja yako ina uzito, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani nasema tuache mtaala. Nikupe kitu cha dakika ishirini kinachoingia ndani ya ukoloni wenyewe: lakabu.

Andika ubaoni majina manne, bila maelezo: Mkono wa Damu, Nyundo, Bula Matari, Tippu Tip. Waulize, kwa kusikia tu, mtu huyu alikuwa nani na aliyempa jina hili alikuwa amepatwa na nini. Waache wabishane dakika tano. Kisha fungua.

Mkono wa Damu ni Carl Peters, Mjerumani yule wa mikataba ya Usagara ya 1884. Kwenye maandiko yake anajisifu kuwa mjenzi wa himaya. Waliompokea walikuwa na neno lao, nalo limebaki. Nyundo ni Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani aliyekwenda kuwapiga Wahehe na kuuawa Lugalo, Agosti 1891, pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake. Bula Matari, mvunja mawe, alikuwa mpelelezi Stanley alipokuwa akipasua njia kando ya mto Kongo. Baadaye jina hilo likahama mtu likawa la serikali nzima ya kikoloni kule. Hebu fikiria, dola inarithi jina la mvunja mawe! Swali la mtihani, "eleza jinsi Waafrika walivyouona utawala wa kikoloni", mwanafunzi amelijibu kabla hujafungua kitabu.

Tippu Tip namwacha mwisho makusudi. Ni Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa. Mwenyewe, katika maisha yake aliyoyasimulia, anasema jina lilitokana na mlio wa bunduki zake. Wengine walisema lilitokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Wanafunzi wanataka mwalimu awaambie lipi kweli. Mimi nawauliza: kati ya haya mawili, mwenye jina angependa lipi likumbukwe? Hapo wanakuwa wamejifunza kupima chanzo, na hiyo ndiyo mada ya kwanza ya mtaala wetu. Muda sikuuongeza hata dakika.

Kwa darasa la themanini na tano, usiwaambie wote walete vitu. Waje sita tu, kila mmoja akae na kundi lake.

#4 Mwana wa Mvita

Salaam kutoka Mombasa. Sisi huku twaita leso mpaka leo, na hilo lenyewe ni somo: nguo moja, majina mawili, moja la Kireno na jingine la ndege mwenye madoa. Wanafunzi wangu walipogundua kwamba neno la nyanya zao limetoka kwa watu waliojenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walilichukulia tofauti kabisa lile jengo wanalolipita kila siku.

Mimi natumia ushairi. Muyaka bin Haji aliishi wakati Mombasa ya ukoo wa Mazrui ikisukumana na Seyyid Said, mpaka mji ukachukuliwa mwaka 1837. Mashairi yake yamejaa mafumbo ya vita na siasa za mji. Siwapi tafsiri. Nawapa ubeti, nawapa orodha ya matukio, wauweke ubeti mahali pake na watetee. Huwa wanagombana vibaya sana, na mimi nakaa kimya.

Ila nina tatizo na Liyongo. Watoto wanampenda, yule shujaa aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Kisha wananiuliza: mwalimu, aliishi mwaka gani? Nami nakwama.

#5 Mtafuta Ushahidi

Samahani mleta mada, mimi nafundisha pia na hapa ndipo napopinga. Mapokeo yanapindishwa. Leo Liyongo, kesho mtu atawaambia watoto kwamba maji ya Kinjikitile, yule mganga wa Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, yaligeuza risasi kuwa maji kweli. Tutakuwa tunafundisha historia au imani? Bora kitabu, angalau kina tarehe.

#6 Chaki Mkononi (mleta mada)

Nawajibu wote wawili pamoja, maana swali lenu ni moja.

Mwalimu wa Mvita, kwa Liyongo usijilazimishe kutafuta mwaka. Nimekuwa nikiwapa darasa kazi ya kukagua vilivyomo: silaha ni zipi? Wanataja upinde na mishale, siyo bunduki. Miji gani inatajwa? Urithi unakwenda kwa nani? Kisha nawaambia kwamba utenzi wake maarufu uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Waingereza wakiwa wameshatawala. Basi maswali yanakuwa mawili: zamani gani inakumbukwa humu, na kwa nini mtu wa Lamu ya 1913 aliona haja ya kuiandika? La pili lina majibu mazuri kuliko la kwanza.

Mtafuta Ushahidi, Maji Maji ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote. Ukimuuliza mtoto "je, maji yalizuia risasi?" umeua somo, maana jibu ni hapana na kengele inagonga. Muulize hivi: Wamatumbi, Wangoni, Wapogoro na wengine hawakuwa chini ya mtawala mmoja. Ni nini kilichowafanya wapokee dawa moja kutoka kwa mtu mmoja wa Ngarambe, Kinjikitile? Hapo analazimika kwenda kwenye pamba. Kwenye mashamba ya lazima chini ya majumbe tangu 1902, kazi isiyo na malipo ya maana wakati shamba lake mwenyewe linaota magugu. Anafika Nandete, Julai 1905, watu waking'oa mashina ya pamba. Anafika njaa iliyoletwa na jeshi kuchoma ghala na mazao, ambayo iliua wengi kuliko risasi. Imani ya maji ndiyo mlango wa kuingilia. Ukiufunga kwa sababu ni "uongo", unabaki na tarehe 1905 hadi 1907 na jina la gavana.

Tena kumbukeni tulivyoyajua mengi ya haya. Miaka ya mwisho ya 1960, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walitumwa kwao, vijijini, wakawauliza wazee waliokuwa wadogo au vijana wakati wa vita. Wanafunzi! Kama wasingekwenda wakati ule, sehemu kubwa ya sauti ile ingezikwa, na tungebaki na faili za Wajerumani peke yake.

Na kitabu kuwa na tarehe hakukifanyi kiwe kweli zaidi. Taarifa ya ofisa wa kikoloni nayo ni masimulizi, ila ina muhuri. Nawapa wanafunzi kipimo kilekile kwa vyote viwili. Wakati mwingine mapokeo na maandishi yanakutana, na siku hiyo darasa huwa tamu. Masimulizi ya Bunyoro na Nkore, falme za Uganda ya leo, yanasema Wanyoro walipovamia, jua lilianguka mahali paitwapo Biharwe, wakakimbia. Watafiti walilihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520. Mali nako, majeli, waimbaji wa historia, waliimba habari za mfalme Sundiata na vita vya Kirina, karibu mwaka 1235, na mwanahistoria Ibn Khaldun wa karne ya 14 akamwandika Mari Jata, yaani Sundiata huyohuyo, katika historia yake. Yanapokutana hivyo mwambie mwanafunzi. Yasipokutana, mwambie pia, tena kwa sauti ileile.

#7 Mwalimu Mkikuyu

Naomba kuongeza la kwetu. Marika ya Wakikuyu yalipewa majina kwa tukio la mwaka wa tohara. Kuna rika liitwalo Kimiri, la mafua makubwa yaliyokuja baada ya Vita vya Kwanza, na kuna la Forti, la mwaka 1940, ambalo vijana wake walikuja kusikika sana katika siasa za Nairobi. Niliwaambia wanafunzi wachore mstari wa wakati kwa marika badala ya namba. Mmoja akarudi amemhoji babu, wakajaza pamoja. Ulipofika mwaka ambao serikali ya kikoloni inauita wa kawaida, babu alikuwa na jina la njaa. Hapo hatukuhitaji mhadhara.

Wamaasai nao wanaikumbuka miaka ile ya sotoka ya ng'ombe, ndui na ukame ya mwisho wa karne ya 19 kwa neno moja, Emutai, maangamizi. Ukilijua neno hilo utaelewa kwa nini wakoloni waliikuta nchi waliyodai ni tupu.

#8 Kigoda cha Bibi

Mimi si mwalimu, ni mzazi, na nilifundwa kwenye unyago. Nawasoma kwa furaha ila naogopa kidogo. Ziko nyimbo ambazo si za kuimbwa mbele ya kila mtu. Mwanangu aliwahi kutumwa na mwalimu wake aje "kurekodi nyimbo za jando na unyago" kwa simu. Nilimkatalia, akakosa alama. Iliniumiza, kwa sababu mtoto alionekana mvivu kumbe mimi ndiye niliyefunga mlango.

#9 Chaki Mkononi (mleta mada)

Mama, ahsante sana kwa kusema. Hilo ni kosa letu walimu, si lako wala la mtoto. Kazi ya namna hii lazima iwe na mlango wa heshima wa kukataa. Siku hizi nawaandikia wanafunzi kabisa kwenye karatasi ya maswali: "Kama mzee hataki kusema, andika kwamba hakutaka. Utapata alama zako zote." Kukataa nako ni habari ya kihistoria, kwamba maarifa haya yana wenyewe.

Niongeze tahadhari nyingine ambayo nimejifunza kwa kuumia. Darasa langu moja lilikuwa na watoto wa makabila mawili ambayo mababu zao walipigana. Nikawaruhusu kila upande ulete sifa za mashujaa wake bila kuwapa maswali ya kupima. Ndani ya nusu saa wakawa wanatukanana, na mtoto mmoja akalia. Nilikosea mimi. Nilikuwa nimewapa ngoma nikasahau kuwapa mizani. Siku hizi naanza na ngoma iliyokwisha kuvuka makabila, nayo ni Beni.

Beni haina mpinzani kwa somo la Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilianzia pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu wakiiga gwaride na bendi za kizungu kwa namna yao: sare, tarumbeta, vyeo vya jenerali na kapteni. Vita vilipokuja, askari na wapagazi wakaibeba mpaka bara. Tanganyika Beni ikagawanyika makundi mawili ya ushindani, Marini na Arinoti, na askari waliokuwa wakipigana upande wa Mjerumani na wa Mwingereza wakakutana baadaye ndani ya ngoma ileile. Maofisa wakoloni waliiona hatari. Mgomo wa machimbo ya shaba ya Rhodesia Kaskazini wa 1935 ulipochunguzwa, tume ilihoji hata habari za chama cha ngoma ya Mbeni, yaani Beni kwa matamshi ya huko. Kwa hiyo unawauliza wanafunzi: mtu anayevaa sare ya bwana wake na kucheza gwaride, je, anamtukuza, anamdhihaki, au anajenga uongozi wake mwenyewe chini ya pua ya serikali? Sijawahi kupata darasa lililokubaliana.

Na watoto wa Dar es Salaam na wa Nairobi wote wana kumbukumbu ya wapagazi wale midomoni. Kariakoo ni "Carrier Corps", kikosi cha wachukuzi waliokufa kwa maelfu, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Wanapita hapo kwa daladala.

#10 Vipindi Vitatu

Nimejaribu lakabu leo kidato cha tatu. Sikutegemea. Yule kijana anayelalaga nyuma ndiye aliyesema, "Mwalimu, hili jina la Nyundo wamempa watu waliopigwa." Nimeamua kuendelea. Swali moja: yule binti wa kaniki aliishia wapi?

#11 Chaki Mkononi (mleta mada)

Umenifurahisha sana na huyo kijana.

Yule binti alirudi kesho yake, na kaniki imekunjwa vilevile. Nilikuwa nimemtuma akamuulize bibi anaionaje nguo ambayo wanawake wa Unguja waliikimbia. Akasimama mbele ya darasa, akasoma kutoka daftarini: bibi amesema hiyo ilikuwa nguo ya kwanza mama yake kuinunua kwa fedha yake mwenyewe, ya mauzo ya pamba, na aliivaa siku ya kwenda kanisani mpaka ilipochakaa ndipo ikawa ya shamba. Hajawahi kusikia ikiitwa ya watumwa.

Kisha akafunga daftari akanitazama. "Mwalimu, uliyotufundisha jana ni ya Unguja. Sisi ni wa bara."

Nikachukua chaki, nikaigawa ile safu ya "kaniki" ubaoni katikati, nikamwachia yeye aandike upande wa pili.